Umoja na Uzima katika Falsafa ya Kihindu na Fikra za Magharibi: Historia ya Ulinganisho, 1657–1936

1. Utangulizi

Ulinganisho wa falsafa ya Kihindu na fikra za Magharibi kwa kawaida huanza na kauli moja: kwamba Mhindu huuona ulimwengu kuwa kitu kimoja kisichogawanyika, na mtu wa Magharibi huugawa katika sehemu ili apate kuuelewa. Kauli hii imezoeleka kiasi kwamba hutumika kama msingi wa uchambuzi bila yenyewe kudaiwa ushahidi. Insha hii inaichukulia kauli hiyo kuwa zao la historia. Inauliza ni nani waliouunda ulinganisho huu, kwa kutumia matini zipi, katika miaka gani, na ni mabishano gani yaliyofichwa ili uweze kusimama.

Hoja kuu ni kwamba picha ya India kuwa makao ya umoja, na ya Magharibi kuwa makao ya mgawanyo, haikutokana moja kwa moja na matini za Kisanskriti wala za Kigiriki. Ilijengeka hatua kwa hatua kati ya tafsiri ya Kiajemi ya Upanishadi iliyokamilishwa mwaka 1657 na mijadala ya kijamii ya miaka ya 1920 na 1930. Katika safari hiyo shule moja ya Kihindu, yaani Adwaita ya Shankara, ilifanywa iwakilishe nyingine zote. Kwa upande wa Magharibi, wanafalsafa waliotetea umoja walihesabiwa kuwa watu wa pembeni katika mapokeo yao wenyewe.

Suala hili lina uzito unaozidi usahihi wa vitabu vya historia. Anayeamini kwamba jamii fulani hufikiri kwa umoja kwa asili yake huacha kuuliza ni nani aliye na sauti ndani ya umoja huo na ni nani asiye nayo. Swali hilo liliulizwa na wanafikra wa India wenyewe, na B. R. Ambedkar aliliuliza kwa ukali usiosahaulika mwaka 1936. Ndiyo sababu insha inakomea mwaka huo, ingawa pale inapobidi inagusa matukio na tafiti za baadaye.

Tahadhari moja itangulie. Kiswahili kinatofautisha Mhindi, mtu wa India, na Mhindu, mfuasi wa Uhindu. Tofauti hiyo itazingatiwa kote, kwa kuwa baadhi ya wabishani wakubwa tutakaowataja, hususan Wabudha, walikuwa Wahindi pasipo kuwa Wahindu.

2. Istilahi: umoja, jumla na uzima

Neno umoja, mbali na maana yake ya kihesabu, limebeba historia ya kidini na ya kisiasa. Msomaji Mwislamu hulisikia karibu na tauhidi. Raia wa Tanzania hulisikia katika kaulimbiu ya taifa lake, Uhuru na Umoja. Katika matumizi yote mawili umoja ni jambo la kukiri au la kujenga. Neno la Kisanskriti adwaita lina mwelekeo mwingine. Limeundwa kwa kiambishi cha kukanusha a- na neno dwaita, yaani hali ya kuwa wawili. Halitamki kwamba kuna kimoja. Linakana kwamba kuna viwili. Kwa Shankara, Brahmani, ambayo ndiyo uhalisi wa mwisho, haina sifa inayoweza kutajwa, na njia salama ya kuizungumzia ni kukanusha. Kuitafsiri adwaita kwa neno umoja pasipo maelezo ni kugeuza ukanushaji kuwa tamko.

Neno la pili ni uzima. Kivumishi -zima hukusanya maana tatu: kisichopungua sehemu, kisicho na ugonjwa, na kilicho hai. Jumla ni neno la aina nyingine: ni matokeo ya kuhesabu na kukusanya. Tofauti hii ya Kiswahili inalingana kwa karibu na ile aliyoieleza Aristotle katika Kitabu cha tano cha Metafizikia, kati ya vitu vyote vilivyokusanywa, ambavyo mpangilio wake haujalishi, na kitu kizima, ambacho mpangilio wa sehemu zake ni sehemu ya kuwapo kwake. Kisanskriti nacho kina purna, yaani kilichojaa kisichopungukiwa, na avayavi, yaani kitu chenye sehemu. Kwa sababu hiyo insha hii inatumia uzima kwa suala la kitu na sehemu zake, na umoja kwa suala la iwapo uhalisi wa mwisho ni mmoja au ni wengi. Masuala haya mawili huchanganywa mara kwa mara, lakini mtu anaweza kukubali vitu vizima vingi na kukana umoja wa vyote. Hivyo ndivyo walivyofanya baadhi ya Wahindu.

3. Mabishano ndani ya India

Shule za Nyaya na Vaisheshika zilikubali mamlaka ya Veda, kwa hiyo ni shule za Kihindu kwa kipimo chochote cha kawaida. Hata hivyo zilifundisha kwamba kuna atomu nyingi, nafsi nyingi, na uhusiano wa kweli kati ya vitu vilivyo tofauti. Kuhusu uzima, shule hizo zilishikilia kwamba kizima ni kitu kipya, tofauti na sehemu zake, kinachokaa ndani ya sehemu hizo. Mfano wao wa kawaida ulikuwa nguo na nyuzi. Nguo hutokana na nyuzi, lakini nguo si nyuzi.

Hoja zao zimo katika Nyayasutra na zilifafanuliwa na Vatsyayana mnamo karne ya 5. Ya kwanza inahusu uoni: atomu moja moja haionekani, na kama kizima hakipo, haijulikani ni kitu gani tunachokiona tunapotazama mti. Ya pili inahusu kushika na kuvuta: ukishika ncha moja ya kitu na kuivuta, kitu chote hufuata. Kama kingekuwa mkusanyiko tu, sehemu uliyoishika peke yake ndiyo ingekuja mkononi.

Wabudha walipinga. Katika Milindapañha, mtawa Nagasena anamwonyesha mfalme kwamba gari la farasi ni jina tu linalopewa magurudumu, mhimili na sehemu nyingine zikiwa pamoja. Vasubandhu alikana atomu na vitu vizima kwa pamoja. Dharmakirti alitumia kinzano: mkono ukitikisika na viungo vingine vikatulia, mwili ulio kizima kimoja utakuwa umetikisika na kutulia kwa wakati uleule, jambo lisilowezekana. Mabishano haya yaliendelea kwa karne nyingi, na kila upande ulilazimika kunoa mantiki yake kwa sababu ya upande wa pili. Ni vigumu kuyasoma na kuhitimisha kwamba India haikujua kuchambua.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika suala la umoja. Sankhya ilisimamisha misingi miwili, nafsi na maumbile, na ikakubali kwamba nafsi ni nyingi. Ndani ya Vedanta yenyewe, ambayo shule zake zote zilidai kufafanua Upanishadi zilezile, majibu yalitofautiana. Shankara, katika karne ya 8, alifundisha kwamba nafsi na Brahmani si viwili, na kwamba wingi tunaouona unatokana na kutojua, kama mtu anayedhania kamba gizani kuwa nyoka. Ramanuja, aliyefundisha katika karne ya 11 na ya 12, alikataa kuuita ulimwengu kiinimacho. Kwake yeye, nafsi na maumbile ni mwili wa Mungu: havitengani naye, lakini havipotei ndani yake. Madhva, katika karne ya 13, alikwenda mbali zaidi na kutetea tofauti tano za kudumu: kati ya Mungu na nafsi, Mungu na maumbile, nafsi na nafsi, nafsi na maumbile, na kitu kimoja cha maumbile na kingine. Wote watatu ni walimu wa Vedanta, na wafuasi wao wapo hadi leo.

4. Mabishano ndani ya Magharibi

Upande wa Magharibi nao hauna sauti moja. Parmenides, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kilichopo ni kimoja, hakizaliwi wala hakigawanyiki. Plato aliliandikia suala hilo majadiliano yanayobeba jina la Parmenides. Aristotle, katika Kitabu cha saba cha Metafizikia, alieleza kwamba silabi si herufi zake tu. Kuna kinachozifanya ziwe silabi, nacho si herufi nyingine iliyoongezwa. Hoja hiyo ingesikika vyema katika mkutano wa wanazuoni wa Nyaya. Plotinus, katika karne ya 3, aliyaweka yote chini ya Mmoja asiyeelezeka. Spinoza, katika Ethica iliyochapishwa mwaka 1677, alifundisha kwamba kuna dhati moja tu. Leibniz, katika barua zake kwa Arnauld za miaka ya 1686 na 1687, alitofautisha lundo, kama kundi la kondoo, na kitu chenye umoja wa kweli.

Hata Uingereza, ambayo baadaye ilionekana kuwa ngome ya uchambuzi, mwanafalsafa aliyeheshimiwa sana mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa F. H. Bradley. Kitabu chake Appearance and Reality cha mwaka 1893 kinatetea kwamba uhalisi ni mmoja, na kwamba kila tofauti tunayoichukulia kuwa ya mwisho hujikanganya. Bertrand Russell na G. E. Moore walianza kuuasi msimamo huo karibu na mwaka 1898. Kwa hiyo falsafa ya uchambuzi, inayotajwa kana kwamba ndiyo tabia ya kale ya Magharibi, kwa Uingereza ni zao la uasi wa kizazi kimoja dhidi ya walimu wa umoja.

Kutokana na sehemu hizi mbili inadhihirika kwamba mstari unaotenganisha wanaosema mmoja na wanaosema wengi haupiti kati ya India na Ulaya. Unapita ndani ya India na ndani ya Ulaya. Linalobaki ni kueleza jinsi mstari huo ulivyohamishwa ukawekwa baharini kati ya mabara mawili.

5. Safari ya matini: kutoka Delhi hadi Weimar

Mwaka 1657 Dara Shikoh, mwana wa mfalme Shah Jahan wa Wamughal, alikamilisha tafsiri ya Kiajemi ya Upanishadi 50 kwa msaada wa wanazuoni wa Kihindu kutoka Banaras. Aliiita Sirr-i Akbar, yaani Siri Kuu. Dara alikuwa Msufi. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameandika Majma al-Bahrain, kitabu kuhusu makutano ya bahari mbili, ambamo alilinganisha istilahi za Kisufi na za Kihindu. Aliamini kwamba Upanishadi ndizo kitabu kilichohifadhiwa kinachotajwa katika Surat Al-Waqia, na alizitafuta kwa sababu alitaka kuelewa tauhidi kwa undani zaidi. Tafsiri yake ilichukua pia baadhi ya maelezo ya Shankara. Mwaka 1659 aliuawa kwa amri ya ndugu yake, Aurangzeb, aliyetwaa kiti cha enzi.

Mswada wa tafsiri hiyo ulimfikia mwanazuoni Mfaransa Anquetil-Duperron mwaka 1775. Aliutafsiri kwa Kilatini na kuuchapisha Strasbourg katika miaka ya 1801 na 1802 kwa jina la Oupnek'hat. Kilichowafikia wasomaji wengi wa Ulaya kama sauti ya kale ya Wahindu kilikuwa Kilatini kilichotafsiriwa kutoka Kiajemi cha Msufi, ambaye naye alikuwa ametafsiri Kisanskriti. Katika kila hatua wazo la umoja lilizidi kuwekewa mkazo. Tauhidi, ambayo inakiri Mungu mmoja aliye juu ya viumbe, na adwaita, ambayo inakana uwili wa nafsi na Brahmani, zilikaribiana kiasi cha kufanana.

Matini hiyo ilifika Ulaya iliyokuwa imekwisha kugombana juu ya umoja. Mwaka 1785 Jacobi alichapisha barua zake kuhusu mafundisho ya Spinoza na kudai kwamba Lessing, mwandishi aliyeheshimiwa kote Ujerumani, alikuwa mfuasi wa Spinoza kabla ya kufa. Ugomvi uliofuata ulihusu iwapo fundisho kwamba yote ni kimoja linaondoa Mungu, uhuru na maadili. Mwaka huohuo wa 1785 tafsiri ya Kiingereza ya Bhagavad Gita iliyofanywa na Charles Wilkins ilichapishwa London. Miaka hiyo miwili kukutana ni sadfa, lakini athari yake ilikuwa kubwa: Wajerumani walizisoma matini za India huku mikononi wakiwa na swali lao wenyewe kuhusu Spinoza.

Ndivyo ilivyoonekana kwa Friedrich Schlegel, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1808 kuhusu lugha na hekima ya Wahindi alilihesabu fundisho la kwamba yote ni kimoja kuwa hatari kwa maadili. Mwaka uleule aliingia Kanisa Katoliki. Schopenhauer alielekea upande mwingine. Aliiazima Oupnek'hat kutoka maktaba ya Weimar mwaka 1814, na katika kitabu chake kikuu, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1818, aliiona India kuwa shahidi wa fundisho lake kwamba utengano wa mtu na mtu ni wa juujuu. Hegel, katika uhakiki wake wa mwaka 1827 wa mihadhara ya Wilhelm von Humboldt kuhusu Bhagavad Gita, alikubali kwamba India ina umoja, lakini akauita umoja mtupu unaofuta tofauti badala ya kuzibeba. Schlegel, Schopenhauer na Hegel walitofautiana juu ya thamani ya umoja wa India. Kuwapo kwake hawakukutilia shaka.

Ushahidi wa kinyume ulikuwapo. Katika miaka ya 1820 H. T. Colebrooke aliwasilisha mbele ya Royal Asiatic Society mfululizo wa makala kuhusu falsafa ya Wahindu, na ndani yake alieleza Sankhya, Nyaya na Vaisheshika kabla ya kufika kwenye Vedanta. Hegel aliyasoma makala hayo na kuyatumia katika mihadhara yake ya historia ya falsafa. Maarifa ya mantiki na atomu za Kihindi yalipatikana Ulaya mapema. Hayakubadilisha picha, kwa kuwa picha ilikuwa inajibu hitaji ambalo mantiki haikuweza kulijibu.

6. Ushindi wa Adwaita, 1883–1927

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 picha hiyo ilipewa mwili wa kitaaluma. Paul Deussen, mfuasi wa Schopenhauer, alichapisha mwaka 1883 kitabu chake kuhusu mfumo wa Vedanta, na kwake yeye Vedanta ilikuwa ile ya Shankara. Katika mfululizo wa Sacred Books of the East, George Thibaut alitoa tafsiri ya ufafanuzi wa Shankara juu ya Brahmasutra katika juzuu mbili, mwaka 1890 na 1896. Tafsiri yake ya ufafanuzi wa Ramanuja juu ya matini hiyohiyo ilitoka mwaka 1904. Thibaut mwenyewe, katika utangulizi wa mwaka 1890, alitoa maoni kwamba katika baadhi ya mambo Ramanuja yu karibu zaidi na maana ya Brahmasutra. Maoni hayo yalichapishwa mbele ya tafsiri ya Shankara, na msomaji wa Kiingereza alisubiri miaka 14 kabla ya kuweza kuyapima.

Wahindu wenyewe hawakuwa watazamaji. Rammohan Roy, aliyesoma Kiajemi na Kiarabu, aliandika kwa Kiajemi kijitabu kuhusu waumini wa Mungu mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1800, kabla ya kufasiri Vedanta kwa Kibengali na Kiingereza kuanzia miaka ya 1815 na 1816. Njia aliyoipita Dara Shikoh, kutoka tauhidi hadi Upanishadi, ilipitwa tena na Mhindu wa Bengal. Swami Vivekananda alizungumza katika Bunge la Dini za Ulimwengu mjini Chicago mwezi Septemba 1893, kisha akaifundisha Vedanta nchini Marekani na Uingereza kama ujumbe wa umoja kwa ulimwengu uliogawanyika. Mwaka 1926 Sarvepalli Radhakrishnan alitoa mihadhara katika Manchester College, Oxford, iliyochapishwa mwaka uliofuata kwa jina la The Hindu View of Life. Humo Uhindu unaonekana kuwa uwezo wa kuzikusanya njia nyingi chini ya ukweli mmoja.

Waandishi hawa walikuwa chini ya ukoloni, na utetezi wao hauwezi kutenganishwa na hali hiyo. Watawala walidai kwamba India ni mkusanyiko wa makabila, lugha na dini visivyoweza kuwa taifa. Kujibu kwamba India ndiyo mwalimu wa umoja kulikuwa kujibu tuhuma kwa silaha iliyotengenezwa na mtuhumu. Silaha hiyo ilifaa, ila iliwataka Nyaya, Sankhya na Madhva wakae kimya.

Hapa kuna pingamizi lenye nguvu. Andrew Nicholson (2010) ameonyesha kwamba juhudi za kuziweka shule za Kihindu chini ya mwavuli mmoja zilianza kati ya karne ya 12 na ya 16, kabla ya utawala wa Waingereza. Sarvadarshanasangraha ya karne ya 14, inayonasibishwa kwa Madhava, inazipanga shule 16 na kuiweka Adwaita kileleni. Kwa hiyo haitakuwa sahihi kudai kwamba Ulaya ilibuni ukuu wa Adwaita. Pingamizi hili linakubaliwa, lakini linasaidia kuona badiliko lilikuwa wapi. Katika kitabu cha karne ya 14 Adwaita inashinda baada ya kuwasikiliza wapinzani 15, na hoja za walioshindwa zimeandikwa humohumo. Katika picha ya karne ya 19 wapinzani hawashindwi, hawatajwi. Umoja uliokuwa hitimisho la mabishano ukageuka kuwa tabia ya watu.

7. Umoja mbele ya kipimo cha jamii

Iwapo fundisho la kutokuwa na uwili lingetosha kuzaa jamii moja, mfumo wa kasta haungeweza kudumu kando yake. Shankara mwenyewe, katika ufafanuzi wake wa Brahmasutra, aliunga mkono msimamo kwamba Mashudra hawana haki ya kujifunza Veda. Kwa mantiki yake hapakuwa na kinzano: kutokuwa na uwili ni ukweli wa mwisho, na taratibu za kijamii ni za ngazi ya kawaida. Ngazi hizo mbili ndizo zilizowezesha fundisho na ubaguzi kuishi nyumba moja.

Narayana Guru wa Kerala, aliyezaliwa katika jamii ya Ezhava iliyozuiwa kuingia katika mahekalu ya tabaka za juu, aliikataa nafasi hiyo kati ya ngazi mbili. Mwaka 1888 aliweka wakfu sanamu ya Shiva huko Aruvippuram, tendo lililohesabiwa kuwa la Mabrahmani peke yao. Aliandika kama mwalimu wa Adwaita na kudai kwamba kama nafsi si mbili, basi kasta za wanadamu hazina msingi. Kwake, fundisho lilikuwa hoja dhidi ya jamii iliyolihifadhi.

Ambedkar, aliyezaliwa katika jamii ya Mahar iliyohesabiwa kuwa najisi, hakuwa na imani hiyo. Hotuba yake ya mwaka 1936, Annihilation of Caste, iliandaliwa kwa ajili ya mkutano wa Lahore uliofutwa baada ya waandaaji kuyaona maandishi yake; aliichapisha mwenyewe. Humo anashikilia kwamba kasta inalindwa na mamlaka ya maandiko, na kwamba Wahindu si jamii moja bali mkusanyiko wa kasta, kila moja ikijitambua peke yake. Kwa istilahi za insha hii, alikuta jumla mahali ambapo wengine walitangaza uzima. Hakukana kwamba Upanishadi zina misingi ya usawa; alitaka kujua kwa nini misingi hiyo haikuzaa chochote. Mwaka 1956 alijiunga na Ubudha mjini Nagpur. Sababu zake zilikuwa za kijamii kuliko za kimetafizikia, lakini inafaa kukumbuka kwamba aliyachagua mapokeo yaliyokana nafsi ya kudumu na kizima kwa pamoja, na yaliyobishana na Nyaya kwa karne nyingi.

Magharibi nayo inatoa mfano wake. Mwaka 1926, mwaka wa mihadhara ya Radhakrishnan huko Oxford, Jan Smuts wa Afrika Kusini alichapisha Holism and Evolution, kitabu kilicholeta katika Kiingereza neno la falsafa ya uzima. Smuts alitumia holos ya Kigiriki kueleza jinsi maumbile yanavyounda vitu vizima vinavyozidi sehemu zake. Huyu ndiye aliyekuwa amekabiliana na Gandhi juu ya haki za Wahindi wa Afrika Kusini hadi maafikiano ya mwaka 1914, na siasa zake ziliwatenga Waafrika weusi na haki za uraia. Uzima wake haukumzuia kuigawa nchi. Adwaita ya Shankara na falsafa ya Smuts zinatofautiana katika karibu kila jambo, ila zinafanana katika hili: kauli kuhusu umoja wa vyote haisemi chochote kuhusu nani ataruhusiwa kuingia mlangoni.

8. Hitimisho

Insha hii imefuatilia ulinganisho mmoja tangu tafsiri ya Dara Shikoh hadi hotuba ya Ambedkar. Imeonekana kwamba masuala ya umoja na uzima yalibishaniwa kwa kina India na Ulaya kila upande kwa njia yake, na kwamba picha ya India yenye sauti moja ilitokana na mfululizo wa tafsiri, ugomvi wa Wajerumani juu ya Spinoza, uteuzi wa matini katika vyuo vikuu na mahitaji ya utetezi chini ya ukoloni. Wasomi kama Bimal Krishna Matilal na Wilhelm Halbfass wamekwisha kuirekebisha picha hiyo kwa njia tofauti: wa kwanza kwa kurudisha mantiki ya Nyaya katika mjadala wa kisasa, wa pili kwa kuandika historia ya kukutana kwa India na Ulaya. Mchango wa insha hii ni kuyatenganisha masuala mawili, la umoja na la uzima, na kuonyesha kwamba kuyachanganya ndiko kulikorahisisha ulinganisho.

Kwa mtafiti anayeandika kwa Kiswahili kuna funzo la karibu zaidi. Mwaka 1945, Placide Tempels, mmisionari katika Katanga, alichapisha kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu, akiwapa watu wote wa jamii hizo fundisho moja la nguvu ya uhai. Paulin Hountondji alijibu mwaka 1976 kwa kuikosoa dhana kwamba Waafrika wote hufikiri sawa na kwamba falsafa yao haihitaji mwanafalsafa wala mbishani. Muundo wa kauli ya Tempels unafanana na ule uliowapata Wahindu: umoja unasifiwa, na wanaobishana ndani yake wanatoweka. Sifa ya namna hiyo inapotolewa kwa jamii yoyote, kazi ya mwanahistoria ni kutafuta majina ya waliopinga, tarehe za maandishi yao, na sababu zilizofanya wasitafsiriwe mapema.